Gari Lisilojua Kusalimia Wakwe

Ngokolo, Shinyanga
14 Juni 1954

Kwa Bwana Eustace,
Katibu wa Chama cha Mashindano ya Magari,
Geita.

Bwana Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo iliyovimba, na sababu nitakueleza kwa utaratibu, maana huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mpima pamba hapa Ngokolo, na kazi yenyewe imenizoeza kungoja mizani itulie kabla ya kutamka neno.

Thobias unamfahamu, yule fundi wa magari wa hapo mgodini. Mwezi wa nne aliniuzia gari la mashindano, lile jekundu aliloachiwa na bwana wake aliyerudi Ulaya. Nilimpa ng'ombe tisa. Ng'ombe wale, Bwana Katibu, hawakuwa wa kuchezea. Walikuwa mahari ya Justa, binti wa Mzee Makoye, niliyemposa tangu mwaka juzi. Utajiuliza mtu mwenye akili zake anawezaje kutoa mahari akanunua gari. Mimi niliwaza hivi: mposaji mwenye ng'ombe tisa ni kama waposaji wengine wote, lakini anayefika kwa gari lake mwenyewe hakuna mzee atakayemsumbua habari za ng'ombe, atangojewa hata mavuno mawili. Mpaka leo sioni kosa katika mawazo hayo. Kilichoyaharibu ni gari.

Asije Thobias akasema nilinunua bila kukagua. Nilikuja Geita mwenyewe siku ya Jumapili, pamoja na shemeji yangu Maige, mume wa dada yangu, mtu ambaye mnadani watu hawanunui dume mpaka yeye amshike kwanza. Maige alilizunguka gari mara tatu, akalipiga kofi ubavuni, akainama kulitazama mdomoni pale penye rejeta, akasema kifua ni kizuri, miguu ya nyuma minene, ya mbele myembamba kidogo, lakini madume ya kuvuta ndivyo yalivyo. Tukaomba likimbizwe tuuone mwendo. Likakimbizwa kwenye uwanja wa ndege, sambamba na gari la injinia mmoja mnene, na kufumba na kufumbua lilikuwa upande wa pili, injinia bado anakohoa vumbi. Maige akaninong'oneza kwamba nisipolichukua atalichukua yeye.

Tulipomaliza, Thobias akanitia mkononi kamba mpya ya katani, nene, ndefu. Nilifurahi mno. Kwetu muuza ng'ombe humkabidhi mnunuzi kamba mbele ya watu, na kamba ikishapokewa hakuna maneno tena. Nikasema moyoni, fundi huyu kushinda na Wazungu hakujamsahaulisha mila. Sasa najua kamba ile ilikuwa ya kazi gani, na wavutaji wangu wanajua zaidi.

Gari lenyewe likaletwa Shinyanga juu ya lori la pamba. Thobias alisema ni vyema lisichoke njiani. Nikaona ni heshima. Sikujiuliza kwa nini gari lipandishwe gari.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Haliwaki mpaka lisukumwe na wanaume wanane. Wanane hao ninao, ni vibarua wa pamba. Tatizo ni kwamba likishawaka wao hubaki Ngokolo na mimi huwa nimekwisha kwenda, kwa hiyo huko ninakofika sina wa kunisukuma. Safari zangu zote zimekuwa za kwenda. Tena debe zima la petroli halifiki maili nane. Ng'ombe wangu tisa kwa pamoja hawajawahi kunywa namna hiyo hata kiangazi.

2. Halina gia ya kurudi nyuma. Nilimwandikia Thobias kumwuliza, akanijibu kwamba katika mashindano hajamwona aliyeshinda kwa kurudi nyuma. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana limenikera.

3. Halipendi kona. Ukizungusha usukani linakwenda kwanza kule lilikokuwa linakwenda, ndipo likukumbuke. Kwenye kona ya sokoni tumeingia mara mbili katika uwanja wa mama anayeanika mihogo. Mara ya pili alikuwa ameshatuachia njia katikati ya mikeka.

4. Kiti ni kimoja. Nani duniani anakwenda posa peke yake? Mshenga wangu ndiye huyo Maige, na ilibidi nimfunge nyuma yangu juu ya debe tupu. Alipoteremshwa hakusema kitu kwa siku mbili, na kazi ya mshenga, kama ujuavyo, ni kusema.

5. Hapa, Bwana Katibu, naomba uketi. Gari halisimami. Breki ipo, sikatai, ni mkono wa chuma unaovutwa kwa nguvu zote, lakini ni breki ya uwanja wa ndege, ya mtu mwenye nusu maili ya nyasi mbele yake na hana anayemngoja. Mimi ninangojewa. Mzee Makoye anakaa maili ya saba, njia ya Tinde, nyumba yake iko kando kabisa ya barabara, na kila asubuhi huketi mlangoni kupokea shikamoo za wapitao. Jumamosi ya kwanza nilifika pale nimevaa koti. Nikavuta breki, nikavua kofia, nikapaaza sauti, "Shikamoo baba." Mzee alipofungua mdomo kuitikia mimi nilikuwa nakaribia maili ya nane.

Kupita mlangoni kwa mkwe bila kusimama ni tusi ambalo hata walevi wa kwetu hawalifanyi. Wao huanguka, lakini huanguka hapohapo. Kwa hiyo Jumamosi ya pili nilianza kuvuta breki mapema. Gari likasimama vizuri sana, kwenye maili ya sita, mlangoni kwa Mama Limi, ambaye ni mjane. Kwa kuwa sikuwa na wa kunisukuma nilikaa pale mpaka saa tisa alasiri. Mama Limi alinipa uji. Sina la kuficha kuhusu uji ule, lakini watu wa njia ya Tinde wana mengi ya kusema. Jumamosi ya tatu nikachelewa kidogo kuvuta, nikapita tena, na safari hii kuku wa mzee alikuwa amenasa mbele ya gari. Gari liliposimama ndipo nilipomgundua, mzima, amekasirika. Kwa hiyo katika hesabu ya Mzee Makoye nimempita mara mbili bila salamu, nimeshinda kwa mjane, na nimemwibia kuku.

6. Linalofuata si kasoro ya gari, ila limezaliwa na gari. Mzee ametuma ujumbe. Anasema salamu isiyoitikiwa si salamu. Kwa hiyo mimi sijamsalimu. Kwa hiyo hanijui. Na mtu asiyemjua hajamposa bintiye. Amenipa mpaka mwisho wa msimu wa pamba. Wakati huohuo ameanza kuja pale mtu anayeitwa Kalisti, mkulima wa tumbaku wa Ushetu. Kalisti ana baiskeli, Bwana Katibu. Kuukuu, haina hata kengele. Lakini inasimama, na yeye huteremka, husalimu mmoja mmoja mpaka watoto, kisha huombwa akae. Nampenda Justa. Naliandika neno hili katika barua ya kiofisi kwa sababu sijui pengine pa kuliandika, na kwa sababu ninaona ninavyomkosa, na ninamkosa kwa mwendo mkali.

Kutokana na hayo, naomba Chama chako kitende moja kati ya mambo haya, kwa mpangilio huu:

(a) Thobias aamriwe kulichukua gari lake na kurudisha ng'ombe wangu walewale, si mfano wao. Nasikia yule mweusi mwenye baka amezaa. Ndama naye aje.

(b) Likishindikana hilo, Chama kiiandikie Serikali inyooshe barabara kutoka Ngokolo, iiondoe ile kona ya sokoni, na baada ya nyumba ya Mzee Makoye itandaze nusu maili ya nyasi.

(c) Ikiwa Serikali haina nafasi, Chama kije kiwapange wakwe zangu barabarani. Mzee abaki maili ya saba, nimpe shikamoo. Mwanawe mkubwa asimame maili ya nane, aniitikie marahaba kwa niaba yake. Mama mkwe akae maili ya tisa, aniulize habari za nyumbani. Maili ya kumi nipewe maji.

(d) Wakikataa kupangwa, basi mlango wa Mzee Makoye utangazwe rasmi kuwa mwisho wa mashindano, iwekwe bendera, na mtu mwenye saa aandike kwamba nimefika. Nimewatazama hapo kwenu kila mara: watu wazima wenye vyeo hukimbia robo maili kwa haraka kubwa, na kule wanakofika hawana shughuli yoyote, wanageuzwa na kusukumwa kurudi. Hao hupigiwa makofi na kupewa kikombe. Sioni kwa nini mtu mwenye shughuli ya kweli anyimwe hata bendera.

(e) Vyote vikishindikana, Mzee Makoye ahame.

Nakuomba usiichukulie barua hii kuwa ya hasira. Hasira ninayo, lakini nimeiacha nyumbani. Nisalimie wote hapo mgodini, wanaochimba na wanaochimbiwa. Msalimie yule injinia mnene, mwambie vumbi lake nimelilipia. Thobias naye nisalimie, ila kwa sauti ndogo.

Ni mimi ninayengoja, sina la kufanya ila kungoja,

Stanslaus Jilala
Mpima Pamba

Nyongeza, siku ya pili yake:

Bwana Katibu, tafadhali usifanye lolote katika yaliyoandikwa hapo juu. Leo asubuhi Justa alikuja Ngokolo kwa miguu, baada ya Maige kumwambia kwamba nashinda nikiandika. Akaichukua barua, akaisoma yote, na alipofika namba tano akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema amechoka kungoja mwanamume anayeposa kwa kalamu, akapanda juu ya debe, akawaambia vibarua wasukume.

Kwa ajili ya kuandika nilikuwa nimesahau kuongeza petroli. Ikaisha kabla ya maili ya saba. Injini ikanyamaza, gari likawa linabingirika polepole bila sauti, na tulipofika mlangoni Justa akasema, "Shikamoo baba." Mzee, pamoja na hasira zake zote, aliitikia marahaba kabla hajakumbuka. Nikatia na yangu hapohapo, akaiitikia nayo, kwa kuwa alikuwa ameshaanza. Gari likasimama hatua kumi na mbili mbele. Mama mkwe akatoa kigoda, na ninaandika haya nikiwa nimekikalia.

Tulipomaliza salamu Mzee alikwenda kulitazama gari. Amelizunguka, amelipiga kofi, ameita majirani. Anasema wenye ng'ombe tisa wamejaa mpaka Kahama, lakini kitu kama hiki hajakiona kwa mtu mweusi yeyote, na kwamba atakipokea kiwe mahari, leo hii, mbele ya mashahidi. Nimekubali. Mashahidi wamekunywa. Kwa hiyo ng'ombe Thobias abaki nao, na ndama. Gari ni zuri, halina neno.

Barua ningeichana, ila kuna jambo. Juma lililopita nilimtishia Thobias kwamba nakuandikia, naye akaahidi kuja mwenyewe huku kueleza gari linavyotumika. Mzuie. Mpe kazi, mpe likizo, mpe chochote, asionekane njia ya Tinde mpaka ndoa ifungwe kanisani, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane.

Nakatiza hapa. Dereva wa lori lililokuwa likipita ametupatia debe la petroli, na Mzee ameshapanda, amevaa koti langu. Anasema anataka kwenda Tinde kumsalimu kaka yake, ambaye ni mkubwa wake kwa miaka kumi na huketi mlangoni vilevile. Shemeji zangu wameshika mgongo wa gari, wanahesabu. Justa ananitazama, anangoja niseme neno. Nami bado ninaandika.

S. J.