Koleo la Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mke wangu ametoa amri. Taa ya ushoroba, ile ya betri, isipowaka kufikia Jumapili, stoo si yangu tena, anaingiza cherehani yake. Miaka minane stoo ile ni karakana yangu! Anadai kwa miaka yote hiyo hakijatoka humo kitu kinachofanya kazi. Uongo. Kengele ya mlango ililia siku mbili. Nimeanza papo hapo, nikachuna waya kwa meno kama kawaida. Jino la mbele limemeguka. Mama mkwe, ambaye ndiye alijikwaa gizani mpaka habari ya taa ikaanza, ameuliza kama hakuna chombo cha kazi hiyo. Kipo. Mwanawe anacho.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Dukani. Nahitaji makoleo mawili: la kuchuna ganda la waya, na la kubania vile vichwa vya shaba kwenye ncha zake. Muuzaji akauliza waya zangu zina unene gani. Nikajibu unene wa kawaida. Akauliza vichwa vya aina gani. Nikamwambia sikuja kufanyiwa mtihani. Nilikuwa na hela ya koleo moja tu, nikachagua zito, lenye mpini mwekundu, la kiume kabisa. Kufika nyumbani, kumbe ni la kubania waya za intaneti. Nimelirudisha, wamekataa kulipokea. Muuzaji amesema tu kwamba aliuliza. Ni kweli aliuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimebana vichwa kwa koleo la kawaida. Kwa nyundo. Kwa bawaba ya mlango. Ukivuta kidogo tu, waya inachomoka. Nimekata ncha na kuanza upya mara tisa. Kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu, waya sasa ina ziada ya shibiri moja, basi. Mke wangu amepita na utepe wake wa kupimia, akapima ukuta wa stoo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Shemeji amekuja kumwona mama yake. Huyu bwana anauza magodoro, lakini ukoo mzima unamwita Injinia. Mimi niliyesomea umeme miezi minne naitwa "wewe". Akatoa koleo lake la kuchunia. Anaingiza waya, anabana mara moja, ganda hilo chini, nyuzi za shaba zote nzima. Na hata hakuwa anaangalia, alikuwa anaongea na mama yake habari za bei ya sabuni! Mke wangu akasema angalia wenzako.

Walipokwenda mezani nikafungua mkoba wa Shemeji. Koleo lina skrubu ndogo ubavuni, ya kurekebisha mkazo. Nimeikaza hadi mwisho. Sasa litakata waya badala ya kuichuna. Nikanawa mikono, nikaenda kula, nikaongeza sahani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mpango uko hivi. Jumapili Shemeji afunge taa mbele ya watu wote. Ashindwe. Injinia mwenyewe akishindwa, nani atanilaumu mimi? Stoo inabaki. Nimempigia, nimemvika kilemba cha ukoka, nimemwambia mikono kama yake sijaona. Amekubali. Mke wangu alisikia, akanishika bega. Amesema leo nimeonyesha utu uzima. Nilitamani asingesema.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Siku mbaya.

Wote ushorobani. Shemeji akatoa hotuba. Amejinunulia koleo jipya, hili la zamani analolipenda zaidi ananipa mimi, na taa ya nyumba afunge mwenye nyumba. Wakapiga makofi. Koleo mkononi mwangu.

Nikabana. Waya ikakatika. Nikabana tena, ikakatika tena. Ningeilegeza ile skrubu, lakini macho yote yalikuwa kwenye vidole vyangu. Mara ya sita waya haikufika tena kwenye balbu. Shemeji akaliomba. Akaiangalia skrubu, kisha akaniangalia mimi, kitambo kidogo. Akailegeza taratibu, akasema labda ilijikaza kwenye mkoba. Afadhali angenitukana. Akatoa kipande cha waya yake, na ndani ya dakika tano taa ikawaka. Mke wangu hakuitazama taa. Alikwenda kuleta cherehani.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Zana zangu ziko kwenye ndoo, uvunguni mwa kitanda. Mama mkwe kila akipita ushorobani anamwombea mwanawe maisha marefu.

Asubuhi mke wangu aliuliza swali moja: ile skrubu niliikaza mimi? Akasema hana hasira, anataka ukweli tu. Nikikiri, kona ya dirishani ni yangu, na meza yangu inarudi. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya tulipoanza maisha. Ilinichoma. Kidogo niseme.

Nikasema labda ilijikaza kwenye mkoba.

Mchana alikwenda sokoni kununua vitambaa, maana ameshapata mteja wa kwanza, gauni mbili kwa Jumamosi. Nimeingia stoo kuaga kuta tu. Cherehani yenyewe si mbaya. Ina kidude kidogo cha duara, pale mbele, cha kukazia uzi. Kinazunguka bila shida yoyote.