Tanzia ya Majaribio

Jumatatu, 5 Juni 2006

Kikao cha Umoja wa Wana-Mikindani. Wanataka tovuti yetu iongezwe ukurasa wa matangazo. Mwenyekiti, Mzee Hashimu, akanitazama mimi, maana tovuti niliitengeneza mimi. Kabla sijafungua mdomo, Gaudensi akadakia! Mwalimu wa sekondari, hapa amepanga chumba tu, na tayari anakaa kiti cha mbele. Akasema tovuti haichezewi ikiwa hewani. Kwanza unatengeneza nakala pembeni, unajaribu huko, ikikubali ndipo unahamishia kwenye ile halisi. Wazee wakatikisa vichwa utadhani wanasikiliza mawaidha. Nikasema hata mimi kesho nasafiri kwenda Dar kusomea jambo hilohilo. Uongo mtupu, lakini ulitoka vizuri. Mzee Hashimu akaamua: niwe nimemaliza Jumapili, nikishindwa tovuti apewe Gaudensi. Tovuti yangu! Miaka miwili nailea.

Jumanne, 6 Juni

Siko Dar. Niko Shangani, hapahapa Mtwara mjini, chumba cha nyuma cha duka la intaneti la Hemedi. Simu nimezima, natafuna mihogo. Nakala imekubali! Sasa ziko mbili, mapacha watupu. Nikaziita HALISI na JARIBIO. Halafu nikakumbuka: Gaudensi alishapewa neno la siri na Mzee Hashimu. Akiingia kuniharibia? Nikabadilisha majina. Ile halisi sasa inaitwa JARIBIO, na nakala inaitwa HALISI. Aingie, aharibu nakala, mwenyewe nacheka. Mtwara nzima nani ananiweza?

Jumatano, 7 Juni

Ukurasa wa matangazo uko tayari. Linatakiwa tangazo la kujaribia. Watu husoma nini kuliko vyote? Tanzia. Lakini kumwandikia mtu tanzia akiwa mzima ni uchuro, na mimi simtakii mtu mabaya, hata Gaudensi (nilifikiria kidogo). Nikaandika jina langu. Mussa Nangumbi amefariki ghafla Dar es Salaam, maziko Mikindani Ijumaa baada ya sala. Nikaongeza kwamba pengo lake halizibiki. Machozi yakanilenga! Nikaiweka kwenye JARIBIO, maana jaribio ni jaribio. Ikatokea safi kabisa.

Ijumaa, 9 Juni

Leo "nimerudi kutoka Dar". Nimejipaka vumbi mpaka kwenye nyusi, begi begani. Mikindani kumejaa watu. Kwa Mzee Hashimu, ambako misiba ya Umoja huwekwa, turubai, masufuria, vilio vya wanawake ndani. Msiba! Kufika msibani halafu ukauliza nani amekufa ni aibu. Nikavua viatu, nikakaa mkekani katikati ya wageni wa Lindi. Nikaletewa wali. Nikamdodosa jirani yangu kama marehemu aliugua sana. Akasema wapi, ghafla tu, kijana wa kompyuta, mjuaji kupindukia lakini hakuwa na baya. Kumbe Mikindani kulikuwa na kijana mwingine wa kompyuta! Mbona nilifichwa? Nikaomba sahani ya pili kwa majonzi.

Mara akaingia Gaudensi na sepetu, udongo mpaka magotini, macho mekundu. Akaniona. Sepetu ikamponyoka. Shangazi Somoe, aliyenilea tangu mama afe, akachungulia mlangoni kuona kulikoni, akaanguka. Wageni wa Lindi wakaruka ua, mmoja na sahani yake. Mimi nauliza tu: jamani, nani amekufa? Nani?

Jumamosi, 10 Juni

Shangazi amezinduka ila hasemi nami. Alipasua kanga yake kwa uchungu, ile ya Idi. Hilo limeniuma, sitaki kuficha.

Wazee wamesema kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Wamezika mgomba. Kwa hiyo nina kaburi. Mzee Hashimu amenipa neno la mwisho: kesho magharibi ikinikuta bado ni marehemu kwenye tovuti, kazi ni ya Gaudensi. Na Gaudensi akanitetea! Akasema kila mtu hukosea. Ana lake huyu. Tanzia ilitokaje kwenye nakala ikafika kwa watu? Nimekesha nawaza, sipati jibu. Namshuku yeye.

Jumapili, 11 Juni

Asubuhi na mapema kwa Hemedi. Leo sikurupuki. Kwanza nimerudisha majina kama yalivyokuwa mwanzo, ili Gaudensi akija achanganyikiwe. Halisi inaitwa HALISI, nakala inaitwa JARIBIO. Halafu nikatumia akili. Wiki hii imethibitika kwamba watu wanasoma JARIBIO. Nimeona kwa macho yangu, nimelia na kula wali wake. Basi nikaandika humohumo JARIBIO: Mussa Nangumbi yu hai, buheri wa afya, tanzia ipuuzwe. Likatokea safi! Nikazima kompyuta, nikarudi Mikindani nikipiga mluzi.

Saa kumi na moja jioni. Basi limeshusha watu kutoka Newala. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanalia njia nzima. Nimewauliza kwa upole wanaelekea wapi. Kwa Mzee Hashimu. Maskini mzee, msiba juu ya msiba! Sijui safari hii amekufa nani. Nimevaa kanzu, nawatangulia nikatoe pole.