Hodi Kwenye Barafu

Jumatatu, 12 Januari
Juzi harusini Columbus, Respicius wa Louisville kajitapa mbele ya watu kwamba anakwenda kutalii mji wa Aktiki. Veridiana kacheka mpaka akamshika mkono. Mkono ule naufukuzia mimi tangu Pasaka! Leo nimempigia simu Veridiana, nikamwambia mimi nimeshafika huko. Akasema kumbe mimi mwanaume. Sasa natafuta Aktiki hapahapa Buffalo. Theluji ipo.

Jumanne, 13 Januari
Nimesoma mtandaoni mambo ya kufanya ukitembelea mji wa Aktiki. La kwanza, kuvutwa na mbwa. Nimeazima mbwa wa jirani yangu Kalisa, nikamfunga kwenye beseni la kufulia, nikakaa ndani. Mbwa akalala. Nimetuma picha, nikaeleza kwamba amechoka na safari. Veridiana kaamini, maskini wa Mungu.

Jumatano, 14 Januari
La pili, kuvua kwenye tundu la barafu. Nimeteremka ziwani baada ya kazi. Hakuna mtu. Upepo ukakatika ghafla. Mbele kuna kibanda cha wavuvi, na mimi nimelelewa, siingii kwa mtu hivihivi. Nikapiga hodi. Sauti ya bibi kizee ikajibu karibu, kwa Kiswahili cha kwetu Muleba.
Nikafungua. Hamna mtu. Tundu tu, na maji meusi yakipanda na kushuka taratibu, kama yanapumua. Nimeogopa, nakiri. Lakini picha imetoka nzuri.

Ijumaa, 16 Januari
La tatu, mwanga wa kijani angani. Kule Tonawanda, pembeni ya Buffalo, taa ya barabarani ikiwaka kijani, theluji yote inakuwa kijani. Nimejipiga picha, nikatuma. Veridiana akauliza yule bibi wa khanga nyuma yangu ni nani, na mbona hana viatu. Nikajibu ni mwenyeji wa huko. Nilipogeuka niliona nyayo za miguu mitupu. Zilifuata zangu kutoka kwenye gari.
Nimekimbilia nyumbani, nikafunga mlango. Nikiwa nasonga ugali, hodi. Mdomo ukajibu karibu wenyewe. Mlango haukufunguka. Kiti cha jikoni kikasogea.

Jumamosi, 17 Januari
Kiti kimelowa maji ya baridi, yananuka samaki. Hakikaliki. Nimemweleza Kalisa, kanikumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina. Nimeegemeza koleo la theluji karibu na kiti.

Jumapili, 18 Januari
Asubuhi njia yote imezolewa theluji, safi, mpaka barabarani. Nikamshukuru bibi kwa sauti, nikaenda kanisani.
Nimerudi, simu inaita. Veridiana. Respicius alimtonya kwamba sijatoka Buffalo, naye Veridiana akapanda basi kutoka Columbus aje ajionee. Uongo wa Aktiki alishausamehe njiani, hata alicheka. Mtu anayejitesa hivyo kwa ajili yake huenda anampenda. Akaona njia safi, akafika mlangoni, akapiga hodi. Mwanamke kutoka ndani akamjibu karibu.
Kasema anakwenda Louisville kwa Respicius. Nimeapa kwamba naishi peke yangu. Nyuma yangu mtu akakohoa. Veridiana akakata simu. Nimelia sana.

Jumatatu, 19 Januari
Nimeamka na akili mpya. Nitamwambia yule ni shangazi yangu, kaja kutoka Muleba kunisalimu. Kinachonisumbua ni nani ataigiza shangazi.
Kutoka jikoni, sauti imesema yeye yuko tayari, ila ana dada zake kule ziwani, na wao wangependa kuja.
Shangazi wengi, ushahidi mwingi. Nimesema karibuni.