Hadubini Isiyopatana na Besi

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Kupitia kwa Mkuu wa Kitivo (ambaye ataipitisha bila kuisoma, kama kawaida yake),

Mheshimiwa,

YAH: KUHAMISHWA KWA HADUBINI YA ELEKTRONI, AU IDARA NZIMA YA JIOLOJIA

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya chuo. Tunafanyia mazoezi katika chumba kinachopakana na Jiolojia, na kwa miaka mingi tuliishi vizuri: wao wakigonga mawe, sisi tukiimba. Mkuu wa idara hiyo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nilimhurumia sana alipokuwa akituma mawe ng'ambo yakapimwe, na majibu yanarudi wanafunzi wake wameshahitimu. Hadubini ilipofika, kwaya yangu ndiyo iliyoipokea kwa wimbo. Laiti ningalijua!

1. Mtambo huu unakuza chembe ya mchanga ikaonekana kama mlima, lakini hauvumilii mtikisiko hata kidogo. Besi wangu wakifungua kinywa tu, picha inatetemeka. Shemeji akaja na koti lake jeupe, akaniambia, "Shemeji, hao wanaume wako hawawezi kuimba kwa kunong'ona?" Mheshimiwa, besi ikinong'onwa inakuwa kikohozi.

2. Basi nikawapeleka besi mwisho wa korido. Huko wanaitikia ubeti wa kwanza sisi tukiwa wa pili. Mahafali yamekaribia, na wimbo wa chuo unasikika kama watu wanaogombania kiti.

3. Hadubini ina kiyoyozi usiku na mchana, na joto lake linatemwa chumbani kwetu. Piano yangu inaungua. Noti tatu zimekata kauli.

4. Hili ndilo lililonikata maini. Niliwatuma besi watatu wakaombe radhi kwa kelele zetu. Hawakurudi! Nikawakuta wameganda mbele ya skrini. Mmoja wao, tunayemwita Ngurumo, ameshahamia Jiolojia. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, macho yakimwaka, "Mwalimu, kumbe majivu ya volkano yana ncha kali kama chupa iliyopasuka!" Sauti ile, Mheshimiwa, sasa inasoma majina ya madini.

Kwa hiyo naomba hadubini ipelekwe mlimani, yaliko mawe yenyewe, kuyapunguzia usumbufu wa safari. Ikishindikana, idara irudie lenzi ya mkononi. Mawe yamesubiri mamilioni ya miaka. Hayatashindwa kusubiri mazoezi yaishe saa kumi na moja jioni.

Salamu kwa wote ofisini na nyumbani kwako, hasa dereva wako, ambaye nasikia ana sauti ya chini.

Wako mtiifu, ingawa kwa shida,
Mwalimu wa Kwaya

Nyongeza: Nilimpelekea shemeji nakala, kiungwana. Hakunigombeza. Alinivutia kiti, akaweka mtamboni punje ya jiwe la chokaa. Mheshimiwa, punje nzima ilikuwa magamba ya viumbe vya baharini, duara kwa duara, yamechongwa kama kwa mkono! Nilisahau hata mazoezi. Mara korido ikajaa kelele, picha ikaanza kutetemeka. Nikafungua mlango kwa hasira, nikafoka, "Nyie, hamna adabu? Watu tunafanya kazi humu!"

Walikuwa soprano wangu, wamekuja kunitafuta. Tafadhali hadubini isiguswe. Sisi ututafutie ukumbi mwingine, wa mbali.