Dumu la Pili

Idara ya Usafi wa Imani ilitangaza kwa vipaza sauti, katikati ya soko, kwamba kesi ya moto imekamilika kwa mafanikio makubwa. Kilichobaki ni uchunguzi tu.

Banda la vikaragosi vya ngozi vya Mzee Cokro lilikuwa limeteketea, na mlinzi wake alikuwa amelazwa, mikono imeungua vibaya. Mhalifu aliyepitishwa na kikao alikuwa Sarjito, mfyatua matofali anayesikia sauti kichwani. Sajenti Wagiman aliitwa kuandika mahojiano, kwa mujibu wa Waraka unaotaka kila neno litakalotamkwa chumbani liandikwe. Roho ilimuuma. Alikua na Sarjito mtaa mmoja, wala hakuwahi kumwona akigombana hata na kuku.

"Sauti zilikuamuru uchome zile sanamu, sivyo?" aliuliza Mkurugenzi Hendarto, mkuu wa Idara.

"Hapana, Pak," alijibu Sarjito, akitumia neno la heshima kwa bwana mkubwa. "Sauti zangu zinapenda vikaragosi. Zikiviona, zinanyamaza."

"Muongo! Wewe una msimamo mkali wa dini!"

"Msimamo gani? Kaka yangu anaumwa," alisema Lastri kutoka mlangoni, pakiti ya vidonge mkononi. "Siku ya tatu leo mnamnyima dawa."

"Dawa inavuruga ushahidi. Halafu unaongea kama vile kuchoma lile banda ni kazi ya mgonjwa! Ngozi ya nyati haishiki moto hivi hivi, bibie. Mungu mwenyewe alinituma, na bado dumu la kwanza la mafuta ya taa liliisha bure. Ilibidi nirudi na la pili!"

Wagiman aliandika yote, neno kwa neno.

"Futa hiyo."

"Waraka haujataja kufuta, Pak. Na sahihi iliyo chini yake ni yako." Wagiman akainua kalamu. "Samahani, dumu ni la lita ngapi? Hapa kuna nafasi ya kujaza."

Mahakamani, sasa yeye ndiye mshtakiwa kwa maandishi yale yale, Hendarto aligeuza maneno. Alidai kwamba sauti ilimtuma, kwa hiyo yeye ni mgonjwa wa akili na anastahili huruma. Daktari alimpima wiki mbili, akaandika: mzima kabisa, sauti anayoisikia ni yake mwenyewe.

Hendarto alipokuwa akipelekwa gerezani, alimwona Lastri kwenye korido.

"Dada, nisaidie. Waambie mimi kichaa. Wewe unawajua vichaa."

"Nawajua sana, Pak," alisema Lastri. "Ndiyo maana siwezi kuwachafulia jina."

Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameachiwa huru, akampa kidonge na maji.

"Meza, twende nyumbani."