Firigisi ya Paroko

Jumapili, 30 Novemba 2025

Vizazi vijavyo vijue kwamba leo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, hapa Kaagya, jogoo amepigiwa makofi kanisani kuliko mimi, Protase Kahangwa.

Nimetangazwa mwenyekiti mpya wa Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei, somo wa mambo yaliyoshindikana. Makofi machache, ya adabu. Mengi ni ya mke wangu Ephrasia. Kisha Rugaibula, niliyembwaga kwenye uchaguzi, akapanda na matoleo yake: jogoo mwekundu, mkia mweupe, kifua kama cha askari wa gwaride. Jogoo akawika katikati ya wimbo. Vigelegele! Padri Rutaihwa, paroko wetu, alicheka mpaka miwani ikateleza. Amesema huyo ataliwa na Dekano, mkuu wa maparoko wa eneo letu, tarehe nane, siku ya somo wa parokia. Siku hiyohiyo viongozi wapya tunasimikwa.

Chakula cha mchana hakikupita. Jogoo!

Jumatatu, 1 Desemba

Ajabu. Jogoo wa Rugaibula yuko kibanjani kwangu, chini ya migomba, anadonoa. Ameingia mwenyewe. Ua wa parokia una tundu, na kati yetu ni barabara tu. Mimi sikumwita.

Nimemfunga mguu nyuma ya jiko. Si wizi. Ni kuhifadhi. Mpango: wamtafute hadi Jumatano, wahuzunike vya kutosha, kisha mwenyekiti aingie parokiani na jogoo kwapani. Hapo tuone makofi ni ya nani.

Ephrasia ameuliza mbona mahindi ya mbegu yamepungua kwenye debe. Nimesema panya. Amesema panya wa nyumba hii siku hizi wanavaa ndala.

Jumanne, 2 Desemba

Maawe! Nimekwisha.

Nilikwenda kuangalia kahawa. Kurudi, harufu ya mchuzi. Shemeji yangu Wilbert amefika kutoka Maruku na kopo la senene. Mlutheri, mtu mwema, njaa ya safari. Ephrasia alipoona jogoo amefungwa nyuma ya jiko, akajua nimemnunulia kaka yake. Machozi yalimlenga. Amesema kumbe mume wake ana moyo, ulikuwa umejificha tu.

Ningesema nini? Kwamba hicho ni chakula cha Dekano? Mbele ya Mlutheri?

Tumekula. Ebitooke, ndizi zetu za kupika, na mchuzi. Firigisi nikapewa mimi, baba mwenye nyumba. Ikagoma kushuka. Wilbert akanipiga mgongoni: "Mulamu, shemeji yangu, uenyekiti umekukaa!"

Ikashuka.

Manyoya nimeyafukia chini ya mti wa kahawa.

Jumatano, 3 Desemba

Rugaibula amekuja macho mekundu. Kumbe jogoo yule alimlea tangu kifaranga, akamtoa kumshukuru Mungu kwa kuwa mama yake amepona. Hili sikulijua! Nani aliniambia? Ameomba jumuiya nzima itoke kutafuta. Nikaitisha. Nikaongoza. Nimepekua vichaka vya watu nikimwita jogoo kwa sauti ya msiba, na firigisi yake ninayo tumboni. Walipoukaribia mti wangu wa kahawa nikapiga kelele, siafu! Wakarudi nyuma, wakanishukuru kwa kuwajali.

Alasiri radi, upande wa ziwani. Kisha karibu. Kisha juu ya bati! Nimeingia chini ya meza. Nikifa sasa hivi nitafika mbele ya Mungu na firigisi ya Paroko. Nitaificha wapi?

Ephrasia akachungulia, akauliza natafuta nini huko. Nimesema jogoo.

Alhamisi, 4 Desemba

Misa ya asubuhi. Padri amehubiri kwamba viongozi wapya wote tuungame kabla ya Jumatatu, tukomunike mstari wa mbele, Dekano akiona. Asiyejiandaa asisimame, amwachie aliyemfuata kwa kura.

Aliyenifuata ni Rugaibula.

Nikikaa kwenye benchi, Kaagya yote itajua nina jambo. Nikikomunika hivihivi, Mungu anajua. Nikiungama, Padri Rutaihwa atajua. Hatasema, siri ya kitubio naifahamu. Lakini ana macho! Nitakutana nayo kila Jumapili mpaka wanizike, na atakayenizika ni yeye.

Wakati wa Komunyo nikatoka nje nikikoholea leso. Matangazo sikuyasubiri.

Barabarani mama muuza ndizi amenipa nuru bila kujua: kesho Nshamba wanaungamisha. Nshamba, Muleba kabisa! Padri wa kule hanijui mimi, hamjui jogoo.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimerudi sasa hivi.

Nimemwambia Ephrasia nafuata miche ya kahawa. Basi hadi Muleba, bodaboda hadi Nshamba, kofia hadi kwenye nyusi. Nikaanza sokoni: jogoo mwekundu, wa kufidia. Mkia mweusi, lakini nani atamkagua. Nikamwacha kwa muuza nyanya, nikaingia foleni ya maungamo. Mama aliyekuwa mbele yangu akauliza mimi ni mgeni wa nani. Nikasema napita tu. Akasema kanisani hakuna wa kupita tu, kila mtu ana lake.

Zamu yangu. Magoti. Kitambaa cha zambarau kati yetu. Nikabana pua, nikatoa sauti nyembamba ya mtu wa mbali. Nikaeleza: kuku wa watu aliingia kwangu mwenyewe, akaliwa kwa bahati mbaya.

Upande wa pili Padri akasema:

"Sema kwa sauti yako, mwanangu. Koo litakuuma."

Maawe! Sauti ile! Naisikia kila Jumapili! Padri Rutaihwa, Nshamba! Nikataka kuinuka, nikakumbuka foleni nyuma yangu.

Akauliza taratibu kama kuku alikuja mwenyewe. Nikasema mwenyewe. Akauliza kama kuna lingine. Hakuna, Baba. Akauliza tena. Hakuna. Akavuta pumzi ndefu. Malipizi yangu: rozari nzima, na mwenye kuku arudishiwe kuku wa kimo kilekile.

Kisha akanitakia safari njema.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemuuliza Ephrasia, kijuujuu tu, jana Padri wetu alikuwa wapi. Ameniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi amevaa tai. Kwani Alhamisi sikusikia matangazo? Mapadre wamebadilishana. Wetu jana Nshamba, wa Nshamba leo yuko hapa kwetu, ili watu waungame bila kuona aibu. Ephrasia mwenyewe ndiyo kwanza ametoka kuungama. Padri mgeni, mpole, hamjui mtu hata mmoja, na foleni fupi.

Nikakaa chini palepale.

Ndipo akauliza miche ya kahawa iko wapi. Jogoo akawika chumbani.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimesimikwa. Nimekomunika mstari wa mbele. Nimepanda na jogoo wangu mkia mweusi, nikasema ni wa kuziba pengo la yule aliyepotea. Rugaibula akatoka kwenye benchi lake, akanikumbatia, akalia begani kwangu. Amesema mama yake ataniombea kila siku. Kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, ngoma! Kuliko ya jogoo wa kwanza. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Mbona nilishindwa kumwangalia Rugaibula machoni?

Padri Rutaihwa alimpokea jogoo. Akaniangalia tu.

Sasa niandike ilivyokuwa kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Jogoo hakuingia mwenyewe. Jumapili ile jioni, wenzangu walipokuwa kwenye rubisi, pombe ya ndizi, ya kunipongeza, nilivuka barabara na ndala zangu na kopo la mahindi ya mbegu. Nikapanua tundu la ua kwa mguu. Nikamwaga punje mojamoja kutoka uani kwa Paroko hadi kwenye migomba yangu, nikirudi kinyumenyume kama mwizi wa kujifunza. Asubuhi nikasimama kwenye mgomba wa mwisho, nikamwita kwa upole. Akaja mbio, kifua mbele. Aliniamini, maskini.

Hilo ndilo Padri aliloniuliza mara mbili. Hilo ndilo nililolificha. Na afichaye dhambi akiungama ameongeza ya pili, na anayekomunika juu yake ameongeza ya tatu. Jogoo mmoja, tazama alivyototoa! Ngurumo imeanza tena upande wa ziwani. Naandikia chini ya meza.

Lakini usiogope, Protase. Njia ipo. Wilbert amesema jirani zake Wakatoliki kule Maruku wataungamishwa Jumamosi hii. Maruku hakuna anayenijua ila Wilbert, naye ni Mlutheri. Safari hii sauti nitaifanya nzito.

Padri yupi ataungamisha kule, sijui. Huenda limetangazwa leo. Padri alipofungua daftari la matangazo nilikuwa nimekwisha kupita mlango wa pembeni, nisikutane na yale macho.