Nondo wa Ukingo Mwekundu

Wananchi wa Ruangwa na Nachingwea walitangaziwa kuundwa kwa Kitengo cha Utambuzi wa Nondo Wadogo wa Asia, wale wadudu wa rangirangi wanaofuata taa. Mzigo wowote ambao nondo huyo angeonekana juu yake usingevuka mpaka wa wilaya. Sifa zake: mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mbawa za manjano zenye ukingo mwekundu, dume ana vipapasio vyenye manyoya, na akitua hutandaza mbawa, hazikunji.

Sifa hizo Bwana Harithi alizinakili mwenyewe kwenye simu, akazipenda kuliko suti yake mpya. Leo alikuwa anaendesha gari la Kitengo kwenda Nachingwea kukabidhiwa ukurugenzi wake.

Kwenye kizuizi cha Malolo alikuta lori la Fuso lenye ufuta kutoka Nkowe limezuiwa tangu jana, kwa kuwa nondo alionekana juu ya magunia. Mwenye mzigo, Mama Zuena, alimlalamikia kwamba mnada wa Nachingwea ni mchana huu, ukimpita ufuta wake wote utamdodea, na mdudu mwenyewe alisharuka zake. Harithi alimweleza kwa upole wa kiofisi kwamba kuruka ni mwenendo, si ushahidi.

Hapo nondo akatoka kwenye turubai, akaingia dirishani mwa gari la Kitengo, akatua juu ya usukani. Saadi, mlinzi wa kizuizi, mtu asiyejua kupindisha agizo, akachungulia.

“Manjano. Ukingo mwekundu. Katandaza. Mheshimiwa, zima gari.”

Harithi akatazama saa. Sherehe ilikuwa karibu kuanza, na jasho lilikuwa limeshaanza. Akakohoa kitaalamu.

“Huyu si wa Asia. Ni wa hapa hapa Malolo.”

“Na yule wa kwenye ufuta?”

“Wote wa Malolo. Hakuna wa Asia hata mmoja.”

Saadi alifurahi kupata kauli ya mtaalamu. Akainua kizuizi, kisha akapiga simu Nachingwea kuripoti, kama agizo lilivyotaka. Alisikiliza kwa heshima, akarudi dirishani.

“Wanakupongeza sana, mheshimiwa. Wanasema kama wa Asia hayupo, Kitengo hakina kazi, kimevunjwa. Gari lao niliegeshe hapa.”

Harithi akashuka na koti lake mkononi, akalikimbilia Fuso lililokuwa linaondoka, akaomba lifti akajitetee. Zuena akamwambia dereva asimame, akatoa kichwa dirishani.

“Mbele pamejaa, mheshimiwa. Panda juu ya magunia.”